Usimhamishe mtoto kwa sababu ya viatu

Mwanangu Nuru,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwalimu wa baleti huko Manchester amekataa kumvalisha Zawadi viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, mpaka mwakani, na wenzake wawili wamehamia shule nyingine wakapewa siku hiyo hiyo. Unauliza, naye umhamishe? Hapana. Mwache hapo hapo.

Unavikumbuka vile viatu vyako vya waridi? Nilivitoa Gikomba, soko la mitumba Nairobi, kwa shilingi 150, wala sikumuuliza mwalimu wako. Ulikuwa na miaka tisa kama Zawadi. Wiki nzima ukavichezea sebuleni umeshikilia kabati la vyombo. Ijumaa nilipokuvua soksi, ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi na damu imegandia kwenye pamba. Sikulala.

Jumamosi mwalimu alikichukua kimoja akakikunja kama chapati. Akachukua mkasi, akakipasua mbele yangu. Mimi nilidhani mna mbao mle! Kumbe ni matabaka ya kitambaa cha gunia, karatasi na gundi, juu yake satini. Joto na jasho huilegeza gundi, na soli ya ndani huvunjika kufuata mguu wa aliyekitangulia. Mcheza wa jukwaani huweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Mimi nilikuvalisha mzoga wa kiatu.

Kisha akakusimamisha katikati ya ukumbi, mbali na cha kushikilia, mguu mmoja. Panda kwenye vidole, shuka polepole, goti limenyooka. Mara ya nne kifundo kikaanza kutetemeka na kulalia nje. "Mama Nuru, tazama hapo," akasema. Sijasahau. Uzito wote wa mtoto unasimama juu ya ncha ya vidole, na mifupa ya mguu bado inakua. Kisipokuwepo cha kuishika, yaani misuli ya mguu, nyonga na tumbo, kiatu hakiwezi kumfanyia kazi hiyo. Ndiyo maana walimu wengi husubiri miaka 11 au 12, na hata hapo hutazama mguu kabla ya keki ya birthday.

Najua utaniambia habari za Warusi. Ni kweli, shule ya baleti ya Vaganova kule St Petersburg, iliyoanza mwaka 1738, huchukua watoto wa miaka kumi na kuwapandisha kwenye ncha mapema. Lakini hao wamepita kwenye chekecheo: daktari, nyonga, mgongo, kuruka, sikio la muziki. Kisha ni mazoezi karibu kila siku kwa miaka minane. Zawadi anaenda Jumanne na Jumamosi, tena Jumanne nyingine kuna mafua.

Na Marie Taglioni, aliyewashangaza watu wa Paris mwaka 1832 kwa kucheza baleti nzima akipanda kwenye ncha, alikuwa na miaka 27. Babake ndiye aliyemfunza, saa sita kwa siku, mzee mkali kweli kweli. Mimi si yeye.

Muulize mwalimu kwa upole mtoto amepungukiwa nini hasa. Akikutajia kifundo, basi Zawadi apande na kushuka kila anapopiga mswaki, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Usiagize viatu mtandaoni. Siku ikifika mpeleke dukani avipime miguuni, asimame navyo, aseme kinapombana.

Tepe za kufungia viatu mguuni nitazishona mimi nikija. Wewe kifungo ulichoshona mara ya mwisho kilidondokea kanisani. Ikibidi ushone kabla sijafika, tumia uzi imara na ushike kitambaa cha ndani tu, satini isitoboke. Na ile kamba nyembamba inayozunguka mdomo wa kiatu sindano isiiguse, maana ukiishona haitavutika tena.

Mamako