Maswali na Majibu: Kununua Kwadi ya Kampuni Iliyofilisika

Barua nyingi nilizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni zile pikipiki za magurudumu manne za michezo, ambazo wengi wetu huziita kwadi, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu kiwanda kilichoziunda kimefilisika. Nimechagua sita na kuzifupisha.

Swali (Jinja): Ninafanya kazi ya kuongoza watalii upande wa Bujagali. Mgeni mmoja anayehama nchini ananiuzia Cannondale FX400 ya mwaka 2002 kwa bei isiyofika nusu ya Yamaha Raptor iliyotumika. Nimesikia kampuni ilifilisika, lakini jina hilohilo ninaliona kwenye baiskeli mpya. Ukweli ni upi, na je, ninunue?

Jibu: Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo wanunuzi wengi huteleza. Cannondale ni kampuni ya Marekani iliyojipatia sifa kwa baiskeli za fremu ya alumini, kisha ikajitosa katika pikipiki za motokrosi na baadaye kwadi, kazi iliyomeza fedha nyingi kuliko ilivyoingiza. Mwezi Januari 2003 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Upande wa baiskeli ulipata mnunuzi na ukaendelea, ndiyo maana jina bado liko madukani; upande wa pikipiki na kwadi ulitengwa, na mali yake ikaenda kwa kampuni nyingine, ATK ya jimbo la Utah. Kwa hiyo anayeuza baiskeli zenye jina hilo leo hana boliti hata moja ya kukuuzia kwa ajili ya kwadi yako.

Mashine yenyewe haikuwa ya kubezwa. Kichwa cha silinda kiligeuzwa, hewa na petroli zikawa zinaingia kwa mbele na moshi kutokea nyuma. Hewa ilivutwa kupitia shingo ya usukani, mbali na matope. Na petroli ilinyunyizwa kwa injekta zinazoongozwa na kompyuta wakati Honda TRX400EX na Suzuki LT-Z400 za miaka hiyo bado zilitumia kabureta. Mimi hupenda wahandisi wenye ujasiri wa namna hiyo. Hata hivyo, kila kitu kilichobuniwa upya katika injini ile ni kipuri ambacho hutakipata kwenye mashine nyingine yoyote, na fundi wako hawezi kukuazimia kutoka kwa kwadi ya jirani kwa sababu jirani hana.

Kwa biashara ya watalii jibu langu ni hapana. Kwadi ya kukodisha hulipa siku inapozunguka, na ikikwama miezi minne ikisubiri pampu ya petroli kutoka kwa mtu binafsi huko Marekani, faida yote ya bei ya chini itakuwa imeliwa. Tena kwadi ya michezo huundwa kwa mpanda mmoja mwenye ujuzi, si kwa mgeni ambaye ndiyo kwanza anashika usukani, hivyo hata ingekuwa ya kampuni iliyo hai nisingekushauri kuitumia kwa kazi hiyo. Ukiitaka kwa raha yako mwenyewe, ihesabu kama rundo la vipuri: toa kiasi ambacho hutakilalamikia siku injini itakapozima moja kwa moja. Hesabu hiyo itabadilika ikiwa mwenye nayo anakupa pia kitabu cha ufundi cha kiwandani na kwadi ya pili iliyokufa, kwa maana ile iliyokufa ndiyo duka lako la vipuri. Siku ya kuikagua, fika asubuhi kabla haijawashwa, uguse injini uhakikishe ni baridi, kisha uiwashe mwenyewe. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika huficha maradhi mengi.

Swali (Kampala): Nimeona kwadi za namna hiyo zikiuzwa kwa bei ya chini Marekani. Nikiagiza moja kupitia Mombasa, nitakwama wapi?

Jibu: Utakwama kwenye umri. Sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa mwaka 2018, na tangu hapo gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kuundwa haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Wapo watakaokuambia kuwa kwadi ni pikipiki na kwamba sheria hiyo haiigusi. Jihadhari na maneno hayo, kwa sababu katika uainishaji wa kimataifa wa forodha kwadi ambayo magurudumu yake ya mbele hugeuzwa kwa mfumo kama wa gari huwekwa katika kundi la 8703, ambalo ni la magari ya abiria, wala si 8711 la pikipiki. Kwadi iliyoundwa mwaka 2001 au 2002 imeshapita umri huo kwa miaka mingi. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mwombe wakala wako wa forodha apate kwa maandishi, kutoka Mamlaka ya Mapato, uainishaji wa chombo hicho pamoja na makadirio ya kodi. Maneno ya simu hayasomeki bandarini, na kila siku ambayo mzigo unalala pale una gharama yake.

Swali (Entebbe): Duka liliniuzia kwadi mpya ikiwa na waranti ya mwaka mmoja kutoka kiwandani. Miezi mitatu baadaye kiwanda kikafilisika, na giabox imeanza kuruka gia. Mwenye duka ananiambia nidai kiwandani.

Jibu: Rudi kwake. Waranti ya kiwanda inaweza kufa pamoja na kiwanda, lakini wewe uliuziwa na duka, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 humtaka anayeuza katika biashara yake auze kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi. Mwandikie barua, ambatisha risiti, na usiruhusu fundi mwingine kuifungua giabox kabla duka halijaiona, la sivyo watasema uliiharibu mwenyewe.

Swali (Masaka): Nina kwadi ya kiwanda kilichofungwa. Rafiki zangu wananiambia kwamba mafundi wa mtaa wa Katwe, Kampala, wanaweza kuchonga kipuri chochote. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli nusu, na faida yote iko katika kuijua hiyo nusu.

Anza na vitu visivyohitaji kuchongwa kabisa. Beringi haina kabila, ina namba. Ikiwa ubavuni mwake imeandikwa 6205, basi tundu lake ni milimita 25, upana wa nje ni 52 na unene ni 15, iwe imetoka kwenye kwadi ya kampuni iliyokufa au kwenye mota ya kinu cha mahindi, nawe utaipata Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ukienda na ile ya zamani mkononi. Sili za oili nazo huandikwa vipimo. Plagi ina namba. Mnyororo pia una namba, ingawa hapa wengi hujichanganya: kwadi nyingi za michezo hutumia mnyororo wa 520, ambao hatua yake, yaani umbali kutoka pini hadi pini, ni milimita 15.875, ilhali boda boda nyingi hutumia 428 wenye hatua ya milimita 12.7. Mnyororo wa boda boda hautakaa kwenye sproketi yako, hata muuzaji akikuapia.

Halafu kuna vile ambavyo fundi mzuri wa Katwe atavitengeneza vikakupendeza: bushi za mikono ya mbele inayoshikilia magurudumu, spesa, boliti za urefu usio wa kawaida, gasketi za karatasi, hata sproketi ikiwa utamletea ya zamani ambayo meno yake hayajaisha kabisa.

Kuanzia hapo mambo hugeuka. Silinda nyingi za kwadi za michezo zimepakwa ndani tabaka jembamba na gumu la nikeli na silikoni kabidi. Ukimpa fundi wa mashine ya kuchonga aipanue kama silinda ya chuma, ataondoa tabaka hilo na pistoni itailamba alumini mpaka igande. Fremu ya alumini nayo haichomewi kwa fimbo za kawaida za chuma, bali kwa mashine ya gesi ya agoni, na hata hapo sehemu iliyo karibu na weldi hulegea kwa sababu joto limeondoa ugumu uliotiwa kiwandani. Nililijifunza hilo kwa gharama. Niliwahi kununua kwadi iliyochomewa vizuri kwa macho, imepakwa rangi ikang'aa, na mkono wa nyuma ukakatika pembeni kidogo tu mwa weldi nilipokuwa nikivuka mtaro mdogo kabisa. Aliyeniuzia alikuwa ameshahama mji. Tangu siku hiyo nikiona rangi mpya kwenye fremu ya zamani, huikwangua kwa ukucha kabla ya kuulizia bei.

Kompyuta ya injini usijaribu kumpa mtu akuchongee. Hiyo hununuliwa ikiwa nzima au hukosekana.

Swali (Mbarara): Nililipa malipo ya awali kwa kiwanda cha ng'ambo, kwadi haikutumwa, na sasa kiwanda kiko mikononi mwa mfilisi. Je, fedha yangu imepotea?

Jibu: Haijapotea kisheria, ingawa usiipangie matumizi. Mtu aliyelipa kabla ya kupokea bidhaa kwa kawaida huhesabiwa kuwa mdai asiye na dhamana, naye hulipwa baada ya benki zilizoshikilia mali, gharama za ufilisi na madeni mengine ambayo sheria imeyapa kipaumbele. Kinachobaki hugawanywa kwa uwiano, na mara nyingi ni kidogo. Hata hivyo ni lazima uandikishe dai lako kwa mfilisi kabla ya tarehe ya mwisho aliyotangaza, ukiambatisha mkataba na ushahidi wa malipo. Ikiwa ulilipa kwa kadi ya benki, wahi leo hii kwenye benki yako uulizie kurudishiwa muamala, kwa kuwa njia hiyo huwa na muda mfupi na ndiyo yenye tumaini kubwa zaidi.

Swali (Gulu): Nilikuwa ninaweka akiba ninunue kwadi ya zamani yenye injini ya KTM, kisha nikasikia KTM imefilisika. Je, niache?

Jibu: Usiache kwa sababu hiyo peke yake. KTM ya Austria iliingia katika utaratibu wa ufilisi mwishoni mwa Novemba 2024, lakini ulikuwa utaratibu wa kujipanga upya chini ya usimamizi, si wa kufunga milango na kupiga mnada kila kitu. Februari 2025 wadai walikubali kulipwa asilimia 30 ya madeni yao, na fedha za kuiokoa zikaletwa na Bajaj Auto ya India, ambao ni haohao waundaji wa Boxer inayokubeba kwenda sokoni kila siku. Kiwanda kilichofilisika namna hiyo na kile kilichotoweka kama upande wa kwadi wa Cannondale ni vitu viwili tofauti kabisa.

Uliza badala yake injini hiyo imefungwa kwenye mashine gani. Polaris iliwahi kutumia injini za KTM katika baadhi ya kwadi zake za Outlaw, na KTM yenyewe iliunda kwadi za michezo kwa muda kisha ikaziacha, hivyo vipuri vya ndani ya injini vinaweza kupatikana kirahisi kuliko vya fremu na mikono ya mbele. Vivyo hivyo Kawasaki KFX400 na Arctic Cat DVX400 zilitumia injini ya Suzuki LT-Z400, na mwenye mojawapo anaweza kununua pistoni kwa jina la Suzuki bila wasiwasi. Mwombe muuzaji akuonyeshe namba ya injini na namba ya fremu, uziandike zote mbili, upeleke ya injini kwa muuza vipuri kabla hujafungua pochi, na ulinganishe zote na kadi ya usajili. Kwa kuwa wewe unaweka akiba na huenda anayekuuzia alikopa, tafuta pia katika rejesta ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyo chini ya ofisi ya usajili ya URSB kwa sheria ya mwaka 2019, uone kama kwadi hiyo haijawekwa rehani mahali.