Kabla ya kusema ni mafuta, uliza upepo

Mara ya kwanza kuona doa jeusi kwenye picha ya rada ya setilaiti iliyopigwa alfajiri, nje kidogo ya Kipini, pwani ya Kenya, moyo ulinienda mbio. Nilikuwa chumbani kwangu Roysambu, Nairobi, saa sita usiku, na nilishaanza kuandika ripoti: mafuta yamemwagika baharini. Heri nilimpigia kwanza mjomba wangu, mvuvi wa Lamu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mjomba, alfajiri hiyo upepo ulikuwaje?"

Sikujua. Yeye alijua: bahari ilikuwa shwari, maji kama kioo, tanga limelegea.

Rada haioni mafuta, inaona mkwaruzo wa uso wa maji. Mawimbi ya rada ya setilaiti ya Sentinel-1, iliyopiga picha ile, yana urefu wa karibu sentimita 5.5, kwa hiyo kinachorudisha mwangwi ni viwimbi vidogo vya sentimita chache vinavyoamshwa na upepo. Mafuta huvilaza viwimbi hivyo, picha ikawa nyeusi. Upepo ukikosekana haviamki kabisa, na picha huwa nyeusi vilevile. Setilaiti hiyo hupita karibu na mapambazuko au machweo, na alfajiri nyingi za maleleji, msimu wa pepo kubadilika, bahari imetulia. Basi tafuta takwimu za upepo kwanza. Upepo ukiwa chini ya mita 2 au 3 kwa sekunde, usitangaze lolote.

Kisha tazama umbo. Mstari mrefu ulionyooka, mbele yake nukta nyeupe inayong'aa, ni wa kushuku: nukta hiyo huenda ni meli. Lakini kuna utando mwembamba sana unaotokana na planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na samaki, na huo ndio nilioupenda. Mkondo huukokota, ukawa nyuzi. Nyuzi zikifika penye maji yanayozunguka, hujiviringa kama ukili. Setilaiti ya Seasat ilionyesha mizunguko ya namna hiyo tangu mwaka 1978. Umbo hukuonyesha maji yanavyokwenda, ila halikupi kasi. Kwa kasi kuna kipimo cha Dopla, yaani jinsi masafa ya mwangwi yanavyobadilika maji yakisogea, nacho huona tu mwendo wa kuelekea setilaiti au kuiacha, tena umechanganyika na wa upepo na mawimbi.

Picha ile ya Kipini bado ninayo. Kusini mwa lile doa kuna nyuzi tatu zinazojikunja kuelekea kaskazini-mashariki. Usiku ule sikuzitazama kabisa.