Ya kumaliza kabla ya kuvuka kila mlango wa uwanja wa ndege

Uwanja wa ndege wa kimataifa una tabia moja: abiria husogea mbele tu. Ukishapita ukaguzi, kurudi kaunta ni usumbufu. Ukishatoka kwenye ukumbi wa mizigo, kuruhusiwa kuingia tena ni bahati. Ndiyo maana kasoro ndogo isiyorekebishwa pale ilipotokea huja kugharimu sana mbele ya safari.

Tuanzie nyumbani, maana wengi huzuiwa kwa sababu ya karatasi. Nchi nyingi hudai pasipoti yenye angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda wake. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo sindano ya juzi haikusaidii kitu. Na tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Anayekuambia uchanje tena kila baada ya miaka 10 anafuata kanuni ya zamani. Angalia pia kama nchi uendayo ina fomu ya kuingia ya mtandaoni. Ya Singapore na ya Thailand hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, tena bure. Tovuti ikikudai pesa kwa fomu hizo, umeangukia kwa dalali.

Fika saa tatu kabla ya ndege kuruka. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla, na geti hufungwa dakika 15 au 20 kabla, hata kama ndege unaiona kwa macho yako pale nje.

Kaunta ndipo pa kuwa mkali. Bandua lebo zote za safari za zamani, kwa sababu mashine ya kupanga mizigo inaweza kusoma msimbo wa zamani na begi likapotea njia. Kisha soma lebo mpya kabla haijaondoka na mkanda: ina herufi tatu za uwanja ambako begi litashushwa. Ukienda London kupitia Dubai, ukaona DXB (Dubai) badala ya LHR (Heathrow, London), begi litaishia njiani. Uliza hapo hapo. Kama safari zako mbili ziko kwenye tiketi tofauti, mara nyingi itakubidi uchukue begi mwenyewe katikati, upite uhamiaji, na pengine uwe na viza ya nchi hiyo. Marekani ndiyo usumbufu zaidi: hata kwa tiketi moja, kwa kawaida begi huchukuliwa kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia na kukabidhiwa upya. Kipande cha lebo unachopewa kitunze, na begi lipige picha. Kuhusu uzito, kilo 32 kwa begi moja ndiyo mwisho karibu kila mahali, hata ukiwa tayari kulipia, kwa sababu kuna watu wanaolibeba.

Kwenye ukaguzi, kanuni ya mililita 100 kwa vimiminika vya mzigo wa mkononi bado inafuatwa katika viwanja vingi, na kinachopimwa ni ukubwa wa chupa: chupa ya mililita 200 iliyobaki robo itatupwa. Pawabenki hukaa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini, kwa kuwa betri ya lithiamu ikishika moto lazima iwe mahali inapofikiwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha mAh (namba ya ujazo wa betri iliyoandikwa kwenye pawabenki) kwa 3.7, ugawe kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, inapita.

Ukifika, begi lisipotokea usitoke nje. Nenda dawati la mizigo, toa kile kipande cha lebo na uondoke na ripoti yenye namba ya kufuatilia. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, unakupa siku 7 kulalamikia begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipolipokea kulalamikia lililochelewa. Lisipoonekana kwa siku 21, una haki ya kulihesabu limepotea. Madai yaandikwe, maneno ya mdomo hayahesabiki.

Mwenye fedha taslimu nyingi azitangaze forodhani. Kuingia Marekani kikomo ni dola 10,000, Umoja wa Ulaya ni euro 10,000. Kuzibeba si kosa, kosa ni kuzificha.

Nje ya mlango wa mwisho, badilisha fedha kidogo tu ya kukufikisha unakolala. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya kwenu, kataa, maana kiwango chake huwa kibaya. Anayekufuata ndani ya ukumbi akikunong'onezea teksi, mpite. Teksi rasmi hupanga foleni nje, na bei huulizwa kabla mzigo haujaingia kwenye buti.