Jibu: Mke wangu ana pumu, daktari kamwambia apunguze uzito

Mkuu, umeuliza kama daktari anamkwepa shemeji, maana alikwenda kulalamikia pumu akarudishwa na habari za uzito. Hamkwepi. Nina pumu tangu utotoni, na nilipofika kilo 97 nilikuwa nabanwa hata nikiinama kufunga kamba za viatu.

Kitambi kinakisukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mafuta ya kifuani yanazilemea mbavu. Ukishatoa pumzi ya kawaida, hewa inayobaki mapafuni inakuwa kidogo kuliko inavyotakiwa, na njia ndogo za hewa, hasa za chini, zinasinyaa. Asiye na pumu anaweza asihisi sana. Mwenye pumu njia zake zimeshavimba na ni nyepesi kujibana, kwa hiyo anaishiwa nafasi haraka. Akilala chali ndiyo balaa, tumbo lote linapanda kifuani. Isitoshe, mafuta hayo yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe, na pumu ya watu wanene mara nyingi haitulii vizuri kwa steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya pampu ya kutuliza uvimbe.

Muulize shemeji kama amewahi kupuliza spirometri, mashine ya kupima pumzi. Unabanwa pua, unavuta pumzi mpaka mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zote bila kukatisha mpaka uhisi huna kitu tena. Mashine inasoma hewa ya sekunde ya kwanza na jumla yake. Pumu ikibana, ile ya sekunde ya kwanza ndiyo inayoporomoka zaidi. Unene peke yake hushusha zote mbili, uwiano ukabaki karibu na kawaida. Halafu anavuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, na kupuliza tena waone kama zimefunguka. Bila kipimo hiki mtu ataongezewa dozi kila kliniki kumbe kinachombana ni uzito, au ataambiwa ni unene tu na pumu yake haijadhibitiwa. Hili la pili linaniuma sana, hasa kwa akina mama.

Si lazima awe mwembamba. Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwahusu watu 38 wanene wenye pumu. Waliopewa mlo maalumu wa wiki 8 walipungua wastani wa asilimia 14.5, na vipimo vyao vya kupuliza vikapanda kuliko vya wenzao. Mimi nilipofika kilo 86, kwa kupunguza ugali, kuacha soda na kutembea jioni, ngazi za kazini nilizipanda bila kusimama.

Ila asiache dawa ya kukinga, ile steroidi ya kuvuta. Kuna mchangiaji hapo juu kasema pampu inanenepesha. Vinavyoongeza hamu ya kula na uzito ni vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, vikitumika mara kwa mara, navyo dozi yake ni miligramu. Ya pampu ni mikrogramu, na mikrogramu moja ni sehemu ya elfu ya miligramu. Akivuta ya kukinga kila siku, atabanwa mara chache na hivyo vidonge atavihitaji kwa nadra. Kliniki ijayo aende na pampu yake, avute mbele ya daktari, waangalie kama dawa inafika mapafuni au inaishia kooni.