Maswali ya Wasomaji: Mama, Biblia na Mabinti Wawili

SWALI: Kikundi chetu cha kusoma hapa Mwanjelwa, Mbeya, kimegawanyika kuhusu Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta. Wengine wanapenda mapenzi ya Ijeoma na Amina, ila wanaona mafunzo ya Biblia ambayo mama yake Ijeoma anampa ili kumtoa katika mapenzi hayo yanachosha. Mhariri, yangepunguzwa?

JIBU: Hapana, ndugu zangu. Ukiyaondoa, riwaya hiyo ya 2015 inabaki bila mgongo. Adaora, mama huyo, ni mjane wa vita vya Biafra, nchi iliyojitenga na Nigeria, ambayo Tanzania ilikuwa ya kwanza kuitambua, Aprili 1968. Mumewe ameuawa kwa bomu. Biblia ndiyo anayoishika ili asimpoteze na mtoto. Si katili, ana hofu. Binti naye hamkani Mungu, anahoji akiwa ndani ya imani ileile, na hapo ndipo ubishi wao unapouma.

Wanaochoka mara nyingi huzisoma sura hizo bila Biblia mkononi, hivyo maswali ya Ijeoma yanawapita. Mkikutana tena, someni kwanza Mwanzo 19 na Waamuzi 19, sura nzima. Kisha wawili wasome kwa sauti, mmoja mama, mwingine binti. Angalieni nani anajibu na nani anarudia tu mstari.

Kasoro ninayoiona iko mwishoni: baada ya ndoa ya Ijeoma na Chibundu kuandikwa kwa uchungu wa kweli, miaka inayofuata imekimbizwa mno. Ndidi, mpenzi wa Ijeoma baada ya Amina, alistahili kurasa zaidi.