Gari milioni 18.5, karatasi inasema milioni 22: Maswali ya wasomaji

Anayejibu safu hii ni mama aliyefanya kazi ya kutoa magari bandarini Dar es Salaam, kisha akashika vitabu vya hesabu katika yadi ya magari.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, naishi Tabata. Nimejichanga kwa muda mrefu, na juzi nikaenda yadi moja Barabara ya Nyerere kuangalia Toyota IST ya mwaka 2010, ile ya umbo jipya. Instagram waliandika milioni 18.5. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa soda, nikaendesha mpaka Tazara na kurudi, gari nikalipenda. Tulipokaa mezani nikaletewa karatasi: usajili na kadi 650,000, bima kubwa 1,250,000, sevisi na kubadili mkanda wa taimingi 480,000, rangi ya kuzuia kutu 350,000, alamu na GPS 550,000, upepo wa naitrojeni 60,000, gharama za ofisi 200,000. Jumla na gari ni 22,040,000. Nilipouliza, kijana akasema, "Hivi vyote ni lazima, dada, ndiyo utaratibu wa kampuni," na bei hiyo ya gari mwisho wake Ijumaa. Gari lina namba E tayari, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Nifanyeje?

*Muuguzi, Tabata*

JIBU

Marahaba mwanangu. Umefanya la maana sana kuondoka na hiyo karatasi. Wengi huambiwa jumla kwa mdomo, wakaenda benki kutoa hela, na vipengele hawavijui mpaka leo.

Wewe unanunua gari ambalo tayari lina namba. Sheria inakudai mambo mawili tu: umiliki uhamie kwa jina lako pale TRA, na gari liwe na bima. Bima inayodaiwa na sheria ni ile ndogo, ya kumlipa mtu wa tatu ukimsababishia hasara. Yaliyobaki ni bidhaa za yadi. Wana haki ya kuziuza, na wewe una haki ya kuzikataa moja moja huku gari ukilinunua.

Tupite kwenye karatasi yako. "Usajili" wa 650,000: usajili upi? Gari likishafungwa namba, usajili ulishalipwa pamoja na ushuru wakati linatolewa bandarini. Kilichobaki ni uhamisho. Ada ya uhamisho TRA ni 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, ambayo kwako ni 185,000. Jumla 245,000. Ongeza pesa ya wakili atakayeshuhudia mkataba wa mauziano, hiyo mnapatana. Uliza basi 405,000 nyingine inakwenda wapi, na umwombe akuandikie.

Bima. Kwa gari binafsi, bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, huwa asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake. Kwa gari la 18,500,000 inakuja 647,500, ukiweka VAT ni 764,050. Wao wameandika 1,250,000. Bima ndogo kwa gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT. Sikukatazi bima kubwa. Kwa mtu aliyejichanga kama wewe, ningekushauri uichukue. Ila katafute mwenyewe kwa kampuni au wakala unayemwamini, na ukishalipa uhakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyo hiyo. Nimeona watu wamelipia bima kubwa kwenye yadi wakapewa stika ya bima ndogo, na wamekuja kugundua siku ya ajali.

Sasa mkanda wa taimingi. Hapa naomba usome taratibu. IST ya umbo jipya unayoisema, ile ya injini ya 1.5 inayoitwa 1NZ, haina mkanda wa taimingi. Ina cheni ya chuma, inazunguka ndani ya injini ikilainishwa na oili, na haibadilishwi kwa ratiba kama mkanda wa mpira. Hata ile yenye injini ya 1.8 nayo ni ya cheni. Mkanda pekee utakaouona ukifungua boneti ni ule wa nje unaozungusha altaneta na kompresa ya AC, na huo fundi wa mtaani kwako ataubadilisha kwa fedha ndogo. Kwa hiyo umeandikiwa bei ya kazi ambayo haiwezi kufanyika kwenye gari hilo. Inawezekana kijana hajui gari analoliuza, inawezekana anajua vizuri. Mimi linaniuma vilevile, kwa sababu anayeandikiwa kitu cha namna hii mara nyingi ni mtu kama wewe, anayetoka zamu ya usiku na hana kaka fundi wa kumpigia simu. Rudi na karatasi, umwombe kwa adabu mfungue boneti pamoja akuonyeshe mkanda huo mpya. Huna haja ya kupandisha sauti. Kipengele hicho kitafutwa mbele yako, na vingine vitaanza kulegea.

Sevisi yenyewe, yaani oili na filta, ni jambo jema kwa gari lililotoka safari ya meli. Kafanye kwa fundi wako, ukiwa umesimama pale unaona oili inayomwagwa.

Rangi ya kuzuia kutu sikushauri kabisa. Ile rangi nyeusi ikipigwa chini ya gari lenye umri wa miaka kumi na kitu, inafunika kutu iliyopo na kushika unyevu ndani yake. Inafunika pia mshono wa kuchomelea, kama gari liliwahi kugongwa. Gari ambalo chini yake bado hakujapakwa ni rahisi kulikagua. Mwambie waliache hivyo hivyo mpaka fundi wako aingie chini na tochi.

Naitrojeni: upepo wa kawaida tunaojaza kwenye tairi ni naitrojeni kwa asilimia 78. Futa. Gharama za ofisi: futa, ofisi ni yao. Alamu na GPS ni hiari yako, na kabla ya kukubali uliza ada ya kila mwaka ya hiyo GPS, kwa kuwa kifaa chenyewe huwa ndiyo mwanzo tu wa malipo.

Ukikubali yale ya lazima peke yake, gari linasimama kwenye 18,863,000 na bima ndogo, au 19,509,050 na bima kubwa, ukiacha wakili.

Kuhusu kilomita 68,000. Hili ndilo ningelitanguliza kama ningekuwa nimeketi na wewe pale mezani, kwa sababu pesa ya naitrojeni utaisahau, lakini injini iliyochoka utaishi nayo. Kila gari linalotoka Japani huja na cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Ni karatasi moja, ya Kijapani, na kwa kawaida huambatana na tafsiri ya Kiingereza. Ina namba ya chesesi, mwezi na mwaka gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule Japani. Forodha haitoi gari bila karatasi hiyo, kwa hiyo nakala ipo kwenye faili la aliyeliagiza. Nilizishika karatasi hizo kila siku ya kazi bandarini, na nakuhakikishia kwamba muuzaji anayesema "karatasi zilibaki TRA" anaweza kupata nakala kwa wakala wake kwa simu moja.

Ukiipata, tazama mambo mawili. Namba ya chesesi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Kisha kilomita: dashibodi isome sawa na cheti au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya cheti, zimerudishwa, na hapo hakuna mazungumzo ya bei tena, ondoka. Kama gari lilinunuliwa mnadani, omba pia karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Juu kuna daraja. Nne au tatu na nusu ni gari la kawaida lililotumika. Ukiona R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Hilo si lazima liwe baya, lakini bei yake haiwezi kuwa ya gari zima.

Na kabla hujarudi, ingia kwenye tovuti ya TRA, kuna mfumo wa kukadiria ushuru wa magari yaliyotumika. Chagua Toyota, IST, mwaka, ukubwa wa injini. Utaona thamani wanayoitumia na jumla ya kodi. Ukijua gari liliingia kwa gharama ipi, mazungumzo yanabadilika, maana kijana anahisi haraka sana anazungumza na nani.

Ukikaa naye sema hivi: "Kaka, naomba uniandikie bei ya gari peke yake, na sahihi yako. Mengine tutaongea baadaye." Halafu nyamaza. Bei ikishakubaliwa peke yake, hawezi tena kukupunguzia laki 3 kwenye gari na kuirudisha kwenye bima. Ukilipa, lipa kwenye akaunti ya kampuni, udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kiasi kamili. Akikwambia "bila risiti tunapunguza", kumbuka kwamba siku ukiwa na dai, hiyo risiti ndiyo itakayosema umelipa nini. Na Ijumaa isikukimbize. IST Dar es Salaam hazijaisha.

SWALI

Habari za kazi dada. Niko Mwanza. Nililiona gari kwenye mtandao, yadi iko Dar. Tukakubaliana milioni 24 kwa WhatsApp. Wakasema kuna mteja njiani saa nane, nitume milioni 1 ya kulishikilia. Nikatuma. Wiki iliyofuata wanasema dola imepanda, gari sasa ni milioni 25.5, na hela yangu hairudi kwa sababu "nimeghairi".

*Mfanyabiashara, Mwanza*

JIBU

Pole kaka. Hukughairi, aliyebadilisha masharti ni wao. Bei ilitajwa, ukaikubali, ukatoa fedha kwa bei hiyo. Dola ikipanda baada ya gari kuwa limeshafika na kulipiwa ushuru, hilo si jambo la kukubebesha wewe.

Usifute chochote kwenye simu. Ujumbe wa sauti, picha, muamala, vyote vihifadhi mahali pengine pia. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Waandikie barua fupi: tarehe, bei mliyokubaliana, kiasi ulichotuma, na siku unazowapa ama wakupe gari kwa milioni 24 ama warudishe fedha. Ipeleke kwa mtu mwenye kuisaini kwamba ameipokea. Wakikaa kimya, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji kuhusu kauli za kupotosha katika biashara, na dai la milioni 1 linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa ninavyozifahamu yadi, barua inayotaja FCC kwa jina husomwa na mwenye mali, haiishii kwa kijana wa mauzo.

Safari nyingine, hela ya kushikilia gari itoke baada ya mtu wako wa Dar kulishika gari kwa mkono, na kwenye risiti yaandikwe maneno haya: "inarudishwa gari lisipokabidhiwa kwa bei iliyotajwa."

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu Dodoma. Yadi inanikopesha milioni 10, nilipe miezi 24, riba "asilimia 2 tu kwa mwezi". Benki yangu wanasema asilimia 17 kwa mwaka, nikaona hizo 2 ni ndogo. Nasaini Jumatatu.

*Mwalimu, Dodoma*

JIBU

Marahaba mwalimu. Usisaini Jumatatu.

Hiyo asilimia 2 inapigwa kwenye milioni 10 nzima kila mwezi, hata mwezi wa 23 unapokuwa umebakiza deni dogo. Kwa miezi 24 riba ni 4,800,000, rejesho lako ni kama 617,000 kwa mwezi. Benki inapiga riba kwenye deni lililobaki. Ukiigeuza ile ya yadi kwa kipimo cha benki, ni karibu asilimia 41 kwa mwaka. Kwa asilimia 17 ya benki, rejesho la milioni 10 hiyo hiyo ni kama 494,000, na riba yote kwa miaka miwili haifiki milioni 1.9. Ni laki 1 na zaidi kila mwezi inayobaki kwenye mshahara wako.

Uliza benki gharama za kuanzisha mkopo na bima yake, uzijumlishe. Uliza na SACCOS ya walimu. Kisha soma mkataba wa yadi mahali pawili: kadi inabaki kwa jina la nani mpaka umalize, na wanaruhusiwa kulichukua gari baada ya kuchelewa siku ngapi. Kama yadi bado inakuvutia, waulize pia ukilipa yote mwezi wa 10 wa mkopo wanakusamehe riba ya miezi iliyobaki au hapana. Jibu lao waliandike kwenye mkataba, na uutume hapa kabla ya kuweka sahihi, nitausoma wote.