Fimbo za kasi zinapanda, mpira hauendi

Swali: Mwalimu, nina miaka 47, ninacheza gofu kwa mkono wa kulia na handikapu yangu (kipimo cha uwezo, kadiri kinavyopungua ndivyo mchezaji alivyo bora) ni 16. Miezi miwili iliyopita nilinunua seti ya fimbo tatu za kuongeza kasi (nyepesi, ya kati na nzito) pamoja na rada ndogo ya kuweka chini. Nilipoanza, draiva yangu (ile fimbo ndefu ya kupigia mbali) ilikuwa inasoma maili 91 kwa saa. Leo fimbo nyepesi inanipa 104. Lakini nikishika draiva na kupiga mpira, mashine inasema kasi ya fimbo 92, kasi ya mpira 125, na mipira mingi inapinda kulia. Niendelee au hela yangu imeshaliwa? Halafu, ile ringi nzito ya kuvalisha kwenye fimbo inafaa? Na draiva ndefu zaidi je?

Jibu: Hela yako haijaliwa. Ila hiyo 104 iweke kando kwanza, kwa sababu si ya draiva. Draiva ina uzito wa gramu 300 na kidogo. Katika seti nyingi za aina hiyo fimbo nyepesi ni pungufu kwa kama asilimia 20, ya kati kwa asilimia 10, na nzito inaizidi draiva kwa asilimia 5 hivi. Kitu chepesi lazima kiende mbio zaidi, hata siku ya kwanza kabla hujafanya zoezi lolote. Kipimo cha maendeleo yako ni 91 kwenda 92, draiva kwa draiva. Siku nyingine pima hivi: mikwaju mitano ya draiva na mpira, mwili ukiwa umepata moto, kila baada ya wiki mbili, na uandike ile ya katikati. Usiandike ile kubwa kuliko zote, hiyo ni ya kuwasimulia rafiki zako.

Namba iliyonishtua mimi ni nyingine kabisa. Gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya fimbo: 125 kwa 92 ni kama 1.36. Draiva ikikutana na mpira katikati ya uso wake, yaani upande unaogonga mpira, jibu hukaribia 1.5. Tuseme wewe unafika 1.46 tu, kiwango ambacho mtu wa handikapu yako anaweza kukipata siku nzuri. Kwa kasi ileile ya fimbo ya 92, mpira wako ungeondoka kwa 134. Kuipata 134 hiyo kwa nguvu peke yake, bila kurekebisha unapogusa mpira, ungehitaji kuzungusha fimbo kwa karibu 99. Kutoka 92 hadi 99 ni kazi ya muda mrefu kwa mtu yeyote, na wewe una miaka 47.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachokuandikia ni kopo la poda ya kupulizia miguuni. Pulizia uso wa draiva, piga mipira kumi, angalia alama baada ya kila mkwaju, kisha futa na upulizie tena. Nabashiri utaziona upande wa kisigino, yaani karibu na mahali mpini unapoingia kwenye kichwa cha fimbo. Mpira unaogongwa pale hupoteza kasi, na huo mpindo wa kulia hauko mbali.

Sasa kwa nini? Fimbo za kasi zina tabia moja mbaya: hazina mpira, hivyo hazikukosoi. Ukiambiwa "zungusha kwa nguvu zote" na namba ikapanda, unafurahi, hata kama namba imepanda kwa sababu mabega na mikono vimetangulia na nyonga zimebaki nyuma. Mpangilio mzuri huanzia chini: mguu wa mbele unakanyaga, nyonga zinafunguka, kifua kinafuata, mikono, fimbo mwisho. Mabega yakitangulia, fimbo inatupwa nje, mbali na mwili, na kukata mpira kutoka nje kuja ndani. Uso ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia zaidi kwa kulinganisha na njia hiyo, mpira unaelekea kulia.

Kuna njia ya kusikia kosa hilo bila kununua kitu. Geuza draiva juu chini, ishike kwenye mpini karibu na kichwa chake, gripu (sehemu ya kushikia) ikiwa upande wa chini. Zungusha kama unayepiga mpira na usikilize ule mvumo, vuuu. Wengi huusikia juu, karibu na bega la kulia, maana yake kasi imemwagwa kabla ya wakati. Unatakiwa uusikie chini, pale mpira ungekuwa, au mbele yake kidogo. Ukiukosa, anza na miguu ikiwa pamoja, peleka fimbo nyuma, na kabla haijamaliza kwenda nyuma piga hatua na mguu wa kushoto kuelekea shabaha, ndipo uzungushe. Hatua hiyo hulazimisha sehemu ya chini itangulie. Fanya mara sita hadi kumi na utausikia mvumo ukishuka wenyewe.

Kisha fanya hatua hiyohiyo na fimbo nyepesi, halafu mara moja na draiva na mpira. Usiache pengo kati ya kifaa na mpira. Niliwahi kununua fimbo ya mazoezi yenye bawaba, inayokunjika ukikosea. Baada ya mwezi nilikuwa bingwa wa kutoikunja, na draiva yangu ikabaki vilevile. Nilikuwa nimejifunza kutumia kile kifaa tu.

Ratiba: mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kati ya mzunguko na mzunguko pumzika kama nusu dakika, maana mazoezi ya kasi ukiwa umechoka hukufundisha kwenda polepole. Zungusha pia upande wa kushoto ili mgongo usifanye kazi upande mmoja. Fimbo nzito ipumzishe kwa wiki tatu za mwanzo. Ukisikia maumivu kiunoni, mbavuni au upande wa ndani wa kiwiko, acha siku hiyo.

Ringi nzito hukupa hisia ya udanganyifu: ukiitoa, fimbo inaonekana nyepesi na wewe unajiona mwepesi. Wachezaji wa besiboli walipopimwa kwa uzito wa aina hiyo, gongo lao lilienda polepole zaidi baada ya kuutoa. Kupasha misuli kabla ya raundi, sawa. Lakini raundi ikianza iache ndani ya mkoba: Kanuni ya 4.3 ya gofu inakataza kutumia kifaa cha mazoezi, ringi ikiwemo, hata kwa mzunguko wa kujaribu bila mpira. Kosa la kwanza kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju ni adhabu ya mikwaju miwili, la pili unaondolewa.

Draiva ndefu, hapana, si sasa. Kanuni zinaruhusu hadi inchi 48, na tangu Januari 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaweza kuweka kikomo cha 46. Urefu huongeza kasi kidogo na kukupunguzia uhakika wa kugonga katikati, jambo ambalo tayari ndilo linalokusumbua. Jaribu kinyume chake wiki hii: shika gripu inchi moja chini zaidi, pulizia poda, piga mipira yako kumi, na unitumie kasi ya mpira pamoja na picha ya uso wa draiva.